Unga wa elektrodi: lithiamu iliyozidi imejificha wapi?

SWALI: Ninasomea uzamili wa kemia. Nimetengeneza unga wa fosfati ya chuma na lithiamu (LiFePO4) kwa ajili ya elektrodi chanya ya betri. Chembe zake zina ukubwa wa nanomita 50 hivi na zimepakwa kaboni. Kipimo cha eksirei kinaonyesha fuwele za aina moja tu, lakini spektromita ya plazma (kifaa kinachopima kiasi cha kila elementi) inanipa uwiano wa lithiamu kwa chuma wa 1.04 badala ya 1.00. Niamini kipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Viamini vyote viwili, kwani kila kimoja kinajibu swali lake. Spektromita hupima sampuli iliyokwisha kuyeyushwa katika asidi, hivyo huhesabu lithiamu yote bila kujali ilikuwa ndani ya fuwele au juu ya uso wa chembe. Eksirei huonyesha waziwazi kile tu kilichojipanga kifuwele. Tena, chembe zikiwa ndogo kiasi hicho, vilele vya chati hutanuka na kufunika dutu nyingine iliyomo kwa uchache. Kigunduzi cha kawaida cha eksirei kwenye hadubini ya elektroni hakitakusaidia, maana hakioni lithiamu.

Ziada hiyo yaweza kuwa kabonati ya lithiamu, ambayo spektra ya infraredi huifichua bila taabu, au fosfati ya lithiamu (Li3PO4) isiyo na mpangilio wa fuwele. Hii ya pili ni ngumu zaidi kuithibitisha: kwa kuwa ina atomu tatu za lithiamu kwa kila moja ya fosforasi, lithiamu ikizidi kwa 0.04, fosforasi huzidi kwa 0.013 tu, tofauti inayoweza kumezwa na kosa la kipimo chenyewe. Pima sampuli kadhaa.

Kuhusu kaboni hukuuliza, lakini ndipo wengi wanapopotea. Usiipime kwa kuchoma unga hewani na kutazama uzito ukipungua. Kaboni huondoka, ni kweli, lakini wakati huohuo chuma huchukua oksijeni, na LiFePO4 tupu huongezeka uzito kwa takriban 5%. Kwa hiyo unga wenye kaboni 5% waweza kutoka tanurini na uzito karibu uleule, ukadhani hauna kaboni kabisa. Uchome katika oksijeni na upime kaboni dioksidi inayotoka, ukitoa sehemu ya kabonati kama ipo. Hapo ndipo utakapokokotoa uwezo wa elektrodi kwa haki, kwani 170 mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji) kwa gramu ni kikomo cha LiFePO4 safi, na kwa unga wenye kaboni 5% kikomo hicho hushuka hadi 161 hivi.