Re: Ulezi wa wasichana wa mwaka wa kwanza uhandisi – anzeni na diskasheni, semina iacheni

Mkuu, umeuliza klabu yenu ianzie wapi ili wasichana wa mwaka wa kwanza wasiandamwe na sapu (mitihani ya kurudia kwa waliofeli) za hesabu, ukataja semina ya hamasa na darasa la marudio kila Jumamosi. Vyote viwili ningevifuta. Binti aliyepita PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati kidato cha sita) akachaguliwa uhandisi hajapungukiwa hamasa, na darasa linaloitwa la "wale dhaifu" litakimbiwa na haohao mnaowalenga.

Mwanahisabati Uri Treisman aliliona hili chuoni Berkeley, Marekani, miaka ya 1970. Wahadhiri walidhani wanafunzi weusi wanafeli kalkulasi kwa kukosa ari, msingi mbovu au hali ya nyumbani. Alipofuatilia wanavyosoma, akakuta wengi wanajituma sana ila kila mtu kivyake, wakati wenzao wenye asili ya China wakishajisomea hukutana na kukosoana. Kurudia masomo ya nyuma hakukusaidia. Kilichosaidia ni vikundi vya kupambana na maswali magumu kuliko ya darasani.

Kwetu Tanzania diskasheni nyingi (wanafunzi kujisomea pamoja kwa kujadiliana) hupamba moto usiku, kwenye vimbweta (viti na meza za zege za nje) au hosteli za wavulana, na pepa za miaka iliyopita huzunguka hukohuko. Msichana aliyepanga nje ya chuo anakuwa ameshaondoka. Kwa hiyo wekeni saa 10 hadi 12 jioni, mara mbili kwa wiki, kwenye chumba chenye ubao (cha chini, kama yupo anayetumia kiti cha magurudumu). Anzeni wiki ya pili ya muhula. Mkisubiri majibu ya testi ya kwanza, aliyekata tamaa hamtampata tena.

Kikundi kiwe na watu 5 au 6. Wavulana wawepo, lakini msimweke msichana mmoja peke yake kati yao, maana ataishia kuwa katibu. Karatasi iwe na maswali 5: moja jepesi la kufungulia, 3 ya kiwango cha UE (mtihani wa mwisho wa muhula), na moja linalomtoa jasho hata mlezi. Dakika 20 za mwanzo kila mtu afanye mwenyewe, kisha ubaoni. Mlezi asishike chaki! Akishaanza kufundisha, kikao kimegeuka lekcha nyingine. Wajadili kwa Kiswahili, jibu la mwisho waliandike kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya mtihani.

Maabara ndiko watu wengi hawaangalii. Kikundi kikiachwa kijipange, wavulana wanaunga saketi na binti mwenye mwandiko mzuri anaandika ripoti, wiki baada ya wiki, mpaka anakwenda PT (mafunzo kwa vitendo kazini) hajawahi kushika mita ya kupimia umeme. Tena aliyetoka shule ya kata isiyo na maabara ndiye anayerudi nyuma haraka zaidi. Juu ya kila ripoti iandikwe nani ameunga, nani amepima, nani ameandika. Zamu zibadilike kila jaribio, na fundi sanifu asaini.

Walezi watoke mwaka wa pili na wa tatu. Wa nne amebanwa na mradi. Mlezi mmoja kwa kikundi kimoja. Msichukue vipanga (wanaoongoza darasani) tu: aliyewahi kupata sapu akaisafisha anajua mtu hukwama wapi. Wapeni bando na nauli, la sivyo wiki ya tano hamtawaona. Wakutane na wanafunzi mahali pa wazi, kamwe si chumbani. Likija suala la rushwa ya ngono, mlezi si mpelelezi. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, hivyo amsindikize mhusika dawati la jinsia au wapige TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), 113.

Mahudhurio yaandikwe kila kikao. Aliyekosa viwili mfululizo apigiwe simu siku hiyohiyo. Kabla ya kuuliza habari za hesabu, mwulizeni kama boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo) limeingia. Kama bado, mpelekeni kwa afisa mikopo wa chuo kwanza.