Sachi ya kiwanja Malindi

Dada, umeuliza kama ofisi za kaunti zitakuambia mwenye kiwanja cha Malindi ni nani. Kaunti nenda ukaulize deni la kodi ya kiwanja. Jina la mwenye kiwanja liko masjala ya ardhi, chini ya Wizara ya Ardhi. Mwombe muuzaji nakala ya hati, beba kitambulisho na pini ya KRA (namba yako ya mlipakodi), ujaze fomu ya sachi, yaani ya kuomba kupekua rekodi za kiwanja. Majibu yakitoka usiishie kwenye jina. Soma sehemu ya vizuizi: rehani ya benki huandikwa hapo, na zuio la ndugu wanaogombea urithi pia. Halafu, huku kwetu pwani nyumba bila ardhi, yaani nyumba ya mtu juu ya ardhi ya mwingine, zipo tele, kwa hivyo uliza nyumba na minazi iliyomo ni ya nani. Sachi ya dalali usiipokee, toa yako mwenyewe.