Chai ya Boston na wanaojiita wajukuu zake

Tangu niguse habari za Tea Party, vuguvugu la 2009 la Wamarekani wasiotaka kusikia neno kodi, lililojipa jina la tukio la 1773 ambapo watu wa Boston, enzi Marekani ikiwa makoloni ya Uingereza, walimwaga chai baharini, maswali yamekuwa mengi. Nimechagua haya.

Waliomwaga chai Boston si walikuwa wanapinga kupandishiwa kodi? (Msomaji, Tanga)

Hapana, na hapo ndipo hadithi inaponoga. Sheria ya Chai ya 1773 haikupandisha kodi hata kidogo. Ushuru wa peni 3 kwa ratili ulikuwepo tangu 1767. Bunge la Uingereza lilichotaka ni kuinusuru Kampuni ya India Mashariki, ambayo maghala yake yalijaa chai isiyonunuliwa na madeni yalikuwa yameifika shingoni. Ikaruhusiwa kuipeleka chai moja kwa moja kwenye makoloni, tena ikapunguziwa mzigo wa ushuru wa London. Kwa hiyo chai halali ilikuwa inaelekea kushuka bei! Wafanyabiashara wa Boston wakaona riziki inaondoka, hasa wale waliozoea chai ya magendo ya Waholanzi. Hoja iliyowavuta wananchi wengine ilikuwa tofauti: ukiinywa chai hiyo, hata kama ni ya bei poa, umekubali kutozwa na Bunge ambalo huna mjumbe ndani yake.

Usiku wa 16 Desemba, wanaume waliojipaka masizi na kujifanya Wamohawk, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, walipanda meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakayapasua makasha 342 kwa shoka. Bahari ilikuwa imekupwa, chai ikalundikana ubavuni mwa meli mpaka ikabidi isukumwe. Mmoja alikutwa ameishindilia chai kwenye bitana ya koti lake. Alipata kipigo cha mwizi.

Basi hawa wa 2009 ni wajukuu halali? (Msomaji, Dodoma)

Kwa nusu. Cheche iliwashwa tarehe 19 Februari 2009, pale Rick Santelli, mtangazaji wa televisheni ya CNBC, alipofoka akiwa kwenye soko la mitaji la Chicago, akipinga mpango wa Rais Obama wa kuwasaidia walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba. Tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, maelfu walijitokeza barabarani, wengine wamevaa kofia za pembe tatu za karne ya 18. Kichekesho ni kwamba mwezi Februari huohuo wafanyakazi wengi walikuwa wamepunguziwa kodi, hadi dola 400 kwa mtu. Na wabunge walikuwa nao. Walichokosa ni ushindi wa uchaguzi wa 2008.

Undugu ninaouona mimi uko pengine kabisa: hasira ya kuona wakubwa wanaokolewa. Mwaka 1773 ilikuwa kampuni ya chai, mwaka 2008 benki zilitengewa dola bilioni 700. Lakini kelele za benki zilififia haraka, za kodi zikabaki, na mwaka 2010 chama cha Republican, ambacho vuguvugu hilo lilikiunga mkono, kikaongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi.

Waasisi wa Marekani wangewaunga mkono? (Msomaji, Mombasa)

Muulize George Washington. Mwaka 1791 Bunge la Marekani huru liliweka kodi kwenye pombe kali. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania, waliokuwa wakigeuza nafaka kuwa wiski kwa sababu kuivusha milimani ikiwa magunia ni gharama, waligoma na kuwashambulia watoza kodi. Mwaka 1794 Washington alikusanya wanamgambo karibu 13,000 na yeye mwenyewe akapanda farasi kwenda nao. Wawili walihukumiwa kwa uhaini, akawasamehe.

Ni Wamarekani tu wenye mtindo huu? (Msomaji, Bujumbura)

La. Mwaka 2013 Wabretoni wa Ufaransa waliandamana dhidi ya tozo ya malori wakiwa na kofia nyekundu, kukumbuka uasi wa 1675 wa kupinga kodi ya karatasi zenye muhuri wa mfalme. Serikali ikaisimamisha tozo.

Na Gen Z wetu wa 2024? (Msomaji, Nakuru)

Vijana hao wa Kenya waliopinga kodi mpya walikuwa na wabunge, na walizisambaza namba za simu za wabunge hao ili wapigiwe! Muswada wa Fedha, uliobeba kodi hizo, ukapita hata hivyo tarehe 25 Juni, vijana wakaingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Hiyo ni kesi ya mjumbe asiyesikia. Wa Boston, nikibanwa nichague, wanafanana zaidi na wale waliomfuata Harry Thuku, mwanaharakati wa Kenya ya kikoloni, mwaka 1922, wakilia na kodi ya kibanda, kipande (kitambulisho cha lazima kwa Waafrika) na mishahara iliyokatwa. Hao kwenye Baraza la Kutunga Sheria la koloni hawakuwa na Mwafrika mwenzao hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944.