Mpira wa maji usilale ndani ya hori, wenzangu wenye farasi

Nianze na jambo lenyewe, ndio hata ukiachia hapa uwe umesaidika: mdomo wa mpira wa maji usizame ndani ya maji. Si kwa hori, si kwa ndoo ya kuoshea farasi, na kabisa kabisa si kwa pipa la dawa ya kupe. Hata kama unauacha kidogo tu na unarudi saa hii.

Nimefanya kazi na farasi miaka mingi huku upande wa Njoro, Nakuru, na banda nyingi nilizoingia, za matajiri na za watu wa kawaida, utapata ni vile vile. Mfereji uko ukutani, mpira umevutwa mpaka kwa hori, umesukumwa chini kabisa ndio usiruke ukamwaga maji, na saisi ameenda kutoa samadi maana hori kubwa linachukua muda kujaa. Hakuna mtu anaona shida hapo, maji si yanaenda mbele?

Yanaenda mbele mpaka presha ikatike. Na sisi wa Nakuru tunajua presha inakatika, leo mgao, kesho tingatinga ya barabara imekata bomba huko chini. Bomba kubwa likianza kuwa tupu, maji yaliyobaki kwa laini yanateremka na yanavuta chochote kilicho nyuma yao, vile mtu ananyonya mafuta kwa tenki ya gari na kampira, ikishashika haiachi mpaka mdomo utoke kwa mafuta. Hori lako linanyonywa hivyo hivyo, maji yanapita mfereji ulioacha wazi, yanapita laini ya jikoni, na kama hakuna kitu cha kuyazuia kwa mita yanaingia bomba la mtaa. Usiseme ati hori liko chini kwa hivyo maji hayawezi panda. Bomba likinyonywa tupu kabisa, uzito wa hewa unaweza sukuma maji juu karibu mita 10 ukiwa Mombasa, na huku kwetu Nakuru mjini, kama mita 1,850 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, bado ni kama mita 8. Hiyo ni kupita paa la nyumba ya ghorofa moja.

Niliona hii kitu kwa macho kwa shamba fulani lililo mteremkoni, banda juu, nyumba ya wafanyakazi chini, laini moja. Maji yalipotea mchana wakati hori linajazwa, mfereji ukaachwa wazi yakingojwa yarudi, na jioni mama mmoja akafungulia jikoni akapata maji ya rangi ya chai yenye vipande vya nyasi. Alikuwa anataka kuchanganyia mtoto uji. Alimwaga kwa sababu aliyaona. Ingekuwa mkojo wa panya tu, hangeona kitu.

Ndio watu waelewe kilicho kwa hori. Farasi anakunywa na mdomo wenye mate na chakula, ndege wanaoga humo, panya wanapita usiku, vumbi la samadi linaanguka. Kuna bakteria za kinyesi, kuna leptospira ya mkojo wa panya ambayo inashika binadamu na farasi wote. Na kati ya farasi wenyewe kuna ule ugonjwa wa tezi za koo kuvimba na kutoa usaha, strangosi, ambao unapenda sana hori la pamoja. Sasa mtu ametenga farasi mgonjwa huko mwisho wa banda, amempea ndoo yake, amefanya vizuri kabisa, halafu anajaza hiyo ndoo na mpira uliozama na mpira huo huo unaenda kwa wengine. Hapo kutenga kumeharibika.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni dawa ya kupe. Wengi wetu tuna ng'ombe na farasi pamoja, na dawa nyingi za ng'ombe zina kemikali inaitwa amitrazi. Kwa ng'ombe iko sawa. Kwa farasi ni hatari, inasimamisha matumbo, chakula kinakwama ndani, anapata kolik, yaani maumivu ya tumbo, mbaya, na farasi hawezi kutapika ati atoe. Sasa angalia venye watu wanachanganya hiyo dawa: dawa inamwagwa kwa pipa, mpira unaingizwa mpaka chini ndio maji yakoroge. Presha ikikatika dakika hiyo, dawa iko kwa laini ya farasi na ya nyumba. Na hiyo huwezi chemsha ikatoka.

Uingereza walishaandika sheria juu ya hii kitu. Kanuni zao za vifaa vya maji za mwaka 1999, za England na Wales, zinagawa maji kwa madaraja 5 kulingana na hatari yake kwa afya. La 1 ni maji safi ya kunywa, na la 5 ni chafu kabisa, yenye kinyesi na vijidudu vya magonjwa, na maji ya hori la wanyama yanahesabiwa huko. Kinachonigusa ni hiki: ile valvu mbili ya kuzuia maji yasirudi, ambayo inakubaliwa kwa mpira wa bustani ya nyumbani, kwa banda la farasi haikubaliwi. Wao wanasema daraja la 5 lizuiwe na nafasi ya hewa, yaani mdomo wa paipu ukae juu ya maji bila kuyagusa. Sheria hiyo ni ya kwao, haitufungi sisi, lakini farasi wa Njoro na wa England wanachafua hori sawasawa.

Kwa hivyo fundi akikuambia, "Mama, weka tu nonritani hapo kwa mfereji, itashika," yaani valvu ya kuzuia maji yasirudi, mshukuru, iweke, haidhuru, lakini usitulie. Valvu ina springi na raba. Maji yetu yakirudi baada ya mgao yanakuja na mchanga na kutu, chembe moja inakaa kwa raba na valvu haifungi tena, na hutajua juu kwa nje inaonekana vile vile. Nafasi ya hewa haina kitu cha kuharibika.

Nafasi yenyewe ni rahisi. Mdomo wa paipu ama floti (ile valvu yenye boya inayojifunga maji yakijaa) inayojaza hori ukae juu ya ukingo wa hori kwa mara mbili ya upana wa ndani wa paipu, na isipungue milimita 20. Paipu ya nusu inchi weka sentimita 3, ya robo tatu weka 4, ukiongeza hakuna hasara. Pima kutoka kwa UKINGO, sio kutoka pale maji yanafika siku za kawaida, maana floti ikikwama maji yatapanda mpaka ukingo na nafasi yako itakuwa imeisha. Halafu funika floti na kisanduku cha chuma ama mbao nzito, farasi wakichoka kusimama wanaichezea mpaka ivunjike.

Kama bado unajaza na mpira, ukate. Kweli, chukua kisu uukate uwe mfupi, ukining'inia kutoka kwa mfereji uishie juu ya ukingo wa hori. Mwingine wa kuoshea uuwekee ndoano ukutani juu, na kwa pale pa kujazia ndoo weka mfereji usio na nyuzi za skrubu mdomoni, hapo hata mtu akitaka kuunga mpira hawezi.

Ukiwa na uwezo, weka tenki ya banda peke yake. Farasi mmoja anakunywa kama lita 25 mpaka 50 kwa siku, kumi ni lita 250 mpaka 500 kabla hujaosha hata farasi mmoja, kwa hivyo tenki ya lita 1,000 inakusaidia na mgao pia. Maji ya mtaa yaingie kwa juu, yakidondoka kupitia hewa, na paipu ya kumwagikia iwe chini ya hapo yanapoingilia na iwe pana kuliko inayoingiza, na wavu mdomoni wa kuzuia panya na mbu. Laini zote za banda zitoke kwa hiyo tenki. Na kama kuna baipasi, ile laini ya pembeni yenye geti valvu ya kufungulia "presha ikiwa mzuri", iondoe na uzibe ncha, usiifunge tu, maana siku moja mtu ataifungulia na tenki yako itakuwa pambo.

Wenye kisima cha kuchimba na maji ya mtaa pamoja, usiunganishe hizo laini mbili na valvu katikati. Pampu ya kisima ina nguvu, laini ya mtaa ikikauka valvu ikivuja kidogo unasukumia jirani maji ya kisima, na visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi, yale madini yanayoharibu meno yakizidi, kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka. Kila moja iingie kwa tenki kutoka juu, kwa mdomo wake.

Na kama imeshatokea, umepata mpira ndani ya dawa na laini imevuta: funga koki ya kwa mita kwanza, ukataze watu wote kwa boma wasinywe na wasinyweshe wanyama, upigie kampuni ya maji, halafu utembee kwa majirani mlango kwa mlango uwaambie ni dawa gani, kwa jina, na chupa yake ukiwa nayo mkononi ndio daktari ama vetinari asome mwenyewe.