Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mkono Hauukopeshi Mguu Nguvu?

SWALI: Kila Jumamosi ninakimbia karibu saa mbili, na Jumapili miguu huwa mizito kana kwamba si yangu, ilhali mikono haina uchovu wowote. Nimesoma kwamba misuli huweka akiba ya sukari. Mbona basi akiba ya mikononi haihamii miguuni? Na je, ni lazima nile mara tu ninapomaliza kukimbia?

JIBU: Ndugu msomaji, akiba hiyo huitwa glikojeni, nayo ni glukosi nyingi zilizoungana katika minyororo yenye matawi. Mtu mzima huwa nayo takriban gramu 300 hadi 500 misulini na karibu gramu 100 katika ini. Ini hugawa akiba yake kwa mwili mzima, kwa sababu lina kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, ambacho huiondolea glukosi kijikemikali kiitwacho fosfati kilichoshikamana nayo, ndipo glukosi hiyo hupata njia ya kuingia katika damu. Msuli hauna kimeng'enya hicho. Glukosi inayochomolewa kutoka katika glikojeni ya msuli hubaki na fosfati yake, haiwezi kupenya utando wa seli, na hivyo hutumika humo humo ilimowekwa. Ndiyo maana mikono yako inaweza kubaki na akiba tele huku mapaja yameishiwa.

Jambo hili lilionekana waziwazi mwaka 1966, katika jaribio ambalo kwangu mimi halijapoteza uzuri wake hata leo. Jonas Bergström na Eric Hultman, watafiti wa Sweden, walijifanyia jaribio wao wenyewe: waliketi pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja tu hadi akachoka kabisa, mguu wa pili ukiwa umepumzika. Vipande vidogo vya msuli vilivyotolewa mapajani kwa sindano vilionyesha kwamba mguu uliofanya kazi ulikuwa umebakiwa na glikojeni kidogo mno. Kisha wakala vyakula vya wanga kwa siku 3. Damu ilikuwa ile ile na chakula kile kile, lakini glikojeni ya mguu uliochoka ilipanda hadi kufikia takriban mara mbili ya ile ya mguu uliopumzika, ambao wenyewe haukubadilika sana.

Ni kwamba msuli unapojikunja, protini zinazobeba glukosi husogea hadi kwenye utando wa seli na kuiingiza ndani, hata bila msaada wa insulini, homoni inayoziwezesha seli kupokea glukosi. Aidha, kimeng'enya kinachounda glikojeni huchangamka zaidi kadiri akiba inavyopungua. Hali hiyo ya kufyonza glukosi bila insulini hupungua ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, lakini msuli huendelea kuitikia insulini kwa wepesi kuliko kawaida kwa saa nyingi baadaye.

Kuhusu wakati wa kula, jibu linategemea utakimbia tena lini. Mwenye mazoezi mengine ndani ya saa 8 asikawie, bali ale wanga kiasi cha gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, katika saa 4 za mwanzo; kwa mtu wa kilo 60, hizo ni gramu 60 hadi 72 kila saa. Wewe unayesubiri wiki nzima huna haja ya haraka hiyo, kwani wanga wa kutosha kwa siku nzima huweza kuirudisha akiba katika muda wa saa 24 hivi.

Hata hivyo, usiulaumu upungufu wa glikojeni peke yake kwa uzito wa Jumapili. Mbio ndefu, hasa za kuteremka mlima, huchana nyuzi za msuli kwa michubuko midogo sana, na msuli uliochubuka hujaza akiba yake polepole hata mtu akila vizuri. Ukiona mapaja yanauma unaposhuka ngazi, yaache yapumzike siku mbili au tatu kabla ya kukimbia tena kwa nguvu.