Weka mabano, usione haya

Juzi msomaji mmoja kanitumia mstari wa Python, lugha ya kuandikia programu, akiuliza kwa nini programu yake inawapa punguzo wasiostahili:

if mwanachama or mgeni and jumla > 1000:

Alitaka punguzo liende kwa mwanachama au mgeni, mradi jumla imezidi 1000. Lakini and (na) hutangulia or (au), kwa hiyo mgeni peke yake ndiye anayepimwa jumla. Mwanachama aliyenunua kitu cha 5 anapita bila kuulizwa. Dawa yake:

if (mwanachama or mgeni) and jumla > 1000:

Nilimjibu upesi, maana mimi na mabano tuna kisa chetu. Kazini zamani, mkubwa wetu alikuwa akipitia msimbo wangu wa programu anafuta mabano yote aliyoyaona hayana kazi, na kutamka mbele ya wenzangu kwamba hayo ni mambo ya wanafunzi. Siku moja akayafuta kwenye mstari wa lugha ya C ulioandikwa (hali & 4) == 0. Alama & hulinganisha biti za namba mbili, na == huuliza kama pande mbili ni sawa. Katika C, == hutangulia &, basi ikawa hali & (4 == 0), yaani hali & 0, yaani sifuri daima. Sharti halikutimia tena. Timu nzima ilihangaika, mwisho nikayarudisha mimi mabano yangu. Hakuna aliyeniomba radhi, na sijasahau.

Dennis Ritchie mwenyewe, aliyeibuni C, alikiri kwamba ingekuwa bora & ipandishwe juu ya ==. Mpangilio ule ni mabaki ya enzi ambazo && haikuwepo bado kama alama ya "na" ya masharti. Kwenye Python, & ndiyo inayotangulia. Sasa wewe unayejivunia kukariri jedwali la opereta, yaani alama ipi hutangulia ipi, umekariri la lugha ipi?

Na MAGAZIJUTO ya shuleni usiifuate kibubusa. Ukiishika herufi kwa herufi, 10 - 4 + 3 inakupa 3, kwa kuwa JU (jumlisha) iko kabla ya TO (toa). Python, C na JavaScript zinavipa vyote viwili cheo kimoja na kusoma kutoka kushoto: 9. Kipeo nacho huanzia kulia, ndiyo maana 2 ** 3 ** 2 (** ni alama ya kipeo) ni 512, si 64. Halafu -2 ** 2 kwenye Python ni -4, wakati JavaScript inagoma kabisa mpaka uweke mabano. Kwa hili moja, JavaScript imewazidi akili wakubwa wengi niliowahi kufanya nao kazi.

Weka mabano, ndugu yangu, kila and inapokutana na or, kila & inapokaribia ==. Akikucheka mtu, muulize 1 << 2 + 3 ni ngapi. Alama hiyo ya mishale husogeza biti kushoto. Kwenye C, + hutangulia, ni 32. Kwenye lugha ya Go, mishale hutangulia, ni 7.