UC au Cal State kwa binti anayetaka uuguzi?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Tunaishi Fresno, California, huu mwaka wa saba. Binti yangu anamaliza sekondari mwezi wa sita na anataka kuwa muuguzi. Amepata barua mbili: UC (Chuo Kikuu cha California) cha Merced wamempa biolojia, Cal State (Chuo Kikuu cha Jimbo la California) ya hapa Fresno wamempa maandalizi ya uuguzi. Shemeji zangu wa Los Angeles wanasema UC ndiyo chuo kikuu hasa, hiyo nyingine ni ya waliokosa. Si vyote ni vya serikali? Tofauti iko wapi, na tuchukue kipi? Mwisho wa kujibu ni Mei 1.

JIBU: Salama, dada, na hongera kwa barua mbili. Nianze na lile la mwisho: kwa hali uliyonieleza, mimi ningechukua Fresno. Ila kuna jambo moja kwenye barua hiyo ambalo nadhani hamjaliona, nitalifikia.

Ndiyo, vyote ni vya jimbo. Tofauti yake iliwekwa mwaka 1960, wakati Clark Kerr akiwa rais wa UC. Watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wanakaribia umri wa chuo, nafasi hazitoshi, na vyuo vinagombania bajeti na hadhi. Jimbo likagawa kazi. UC ikapewa utafiti, shahada za uzamivu, udaktari na sheria, ichukue wanafunzi kutoka thumni ya juu ya wahitimu wa sekondari. Cal State ikapewa kufundisha watu wa kazi, yaani walimu, wahandisi, wahasibu na wauguzi, ichukue kutoka theluthi ya juu. Vyuo vya jamii vikaachiwa mlango wazi kwa kila mtu. Shemeji zako wamesikia thumni na theluthi, wakaona ngazi. Siwalaumu, maana sisi wa Dar tulikua tukiamini chuo ni Mlimani na vingine ni vya kujazia. Nilipofika huku na mimi nilidhani neno "State" ni alama ya udhaifu.

Sasa tuje kwenye uuguzi, maana hapo ndipo hadithi ya ngazi inapovunjika. UC ina kampasi 10. Ya San Francisco ni ya fani za afya na shahada za juu tu, kwa hiyo aliyetoka sekondari ana tisa za kuchagua. Katika hizo tisa, shahada ya kwanza ya uuguzi inayomwandaa kwa leseni iko Los Angeles na Irvine basi. Merced haipo. Binti akienda Merced atasoma biolojia miaka minne, atatoka na shahada nzuri ambayo haimruhusu kumdunga mgonjwa sindano hata moja. Itabidi aanze programu nyingine ya uuguzi, kwa muda mwingine na pesa nyingine. Upande wa Cal State, kampasi nyingi zina uuguzi, na huo mtihani wa leseni, NCLEX-RN, ni uleule kwa wote.

Kama angekuwa anataka udaktari, ningekujibu vingine. Tangu 2023 Merced ina njia ya pamoja na UCSF, ile kampasi ya San Francisco, inayowachukua vijana wa bonde hili la San Joaquin kutoka shahada ya kwanza hadi udaktari. Nafasi ni chache mno, na kupokelewa kwenye biolojia si kuwamo humo, lakini ipo. Kwa hiyo muulize tena, nyumbani, simu ya shemeji ikiwa imezimwa: muuguzi au daktari?

Sasa lile jambo la kwenye barua. Soma tena neno "maandalizi". Hajapokelewa uuguzi, amepokelewa kwenye foleni ya uuguzi. Atasoma kwanza anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, kemia na mengine, kisha ataomba kuingia kwenye programu yenyewe, akishindana na wenzake wa foleni hiyohiyo. Mwaka juzi alikaa mbele ya meza yangu kijana wa kampasi moja, nisiyoitaja, akiwa na karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne. Alama A karibu kila mahali, C moja ya kemia ya muhula wa kwanza, muhula aliokuwa akifanya kazi usiku ghalani. Alikosa nafasi kwa nukta. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba masomo hayo machache ndiyo yatakayopimwa.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza "nakubali", iandikieni idara ya uuguzi, si ofisi ya udahili. Ulizeni mara ya mwisho waliomba wangapi na wakaingia wangapi, masomo gani yanahesabiwa kwenye GPA (wastani wa alama) ya kuingilia na kama kurudia somo kunaruhusiwa, wanadai mtihani upi wa kujiunga, na wanaokosa huwa wanaelekea wapi. Hilo la mwisho ndilo linalonionyesha idara ikoje.

Akikosa, bado hajapotea. Fresno City College, chuo cha jamii, kina programu ya uuguzi ya ngazi ya chini ya shahada. Mhitimu wake anafanya NCLEX-RN hiyohiyo, anaanza kazi, halafu anamalizia shahada Cal State. Ada ya vyuo vya jamii kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa uniti.

Pesa. Ada ya msingi ya Cal State kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa dola 6,450, bado nyongeza za kampasi. Ya UC inazidi dola 14,000. Watu wengi huishia kusoma hapo. Lakini kama kipato cha nyumba yenu kiko chini ya kiwango kilichowekwa na mlijaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo, kwa wakati, UC ina mpango wa kuhakikisha ada inalipwa na ruzuku, na Cal Grant, ruzuku ya jimbo, huweza kufuta ada ya Cal State. Ada inaweza kuwa sifuri kote kuwili. Kinachobaki ni kitanda na chakula. Merced iko karibu kilomita 90 kutoka kwenu. Fresno atalala kwake na kula ugali wako. Chukua barua zote mbili za misaada na kalamu nyekundu, kata kila mstari wenye neno mkopo, kisha jumlisha upya. Barua hizi zina tabia ya kuuweka mkopo katikati ya ruzuku kana kwamba ni zawadi.

Na kama shemeji wataendelea kusumbuka na jina, waambie UCSF ina shule ya uuguzi ya shahada za juu, na muuguzi mwenye shahada ya Cal State anaruhusiwa kuomba kama wengine.

Ile barua pepe itumeni wiki hii. Idara ikikawia, nenda nayo mkononi wewe na binti. Mko Fresno, ni nauli ya basi tu.